Hawakuwa Gizani, Walifichwa

Kuna msemo ulioingia katika Kiswahili chetu bila ya kupiga hodi, ukajitandikia mkeka, na sasa ndio unaotukaribisha sisi wenyeji. Utausikia katika taarifa za habari, utausoma magazetini. Na katika tungo za vijana nilizopewa mwaka huu nizipitie, nimeukuta mara tatu. Ni huu wa "kuachwa gizani". Wananchi wameachwa gizani kuhusu mkataba. Wafanyakazi wamewekwa gizani. Familia bado ziko gizani.

Asili yake haina siri. Mwingereza asiyepewa habari ya jambo husema kuwa yumo gizani; na akinyimwa habari hiyo kwa makusudi, husema kuwa amewekwa humo. Kwake yeye ni msemo wa kawaida, umechakaa kwa kutumika, wala haufikirii tena kama sisi tusivyofikiria mguu tunaposema mguu wa meza. Mfasiri wetu mwenye haraka ameuokota mzima-mzima akautia chunguni na magamba yake.

Nataka niliseme mapema, kwani najua watakaonishika hapa: siupingi msemo huu kwa kuwa ni wa Kiingereza. Lugha yetu imejengwa kwa mawe ya kila pwani, na anayetaka kuyang'oa yaliyotoka nje hatabakiwa na nyumba. Naupinga kwa sababu, unavyotumika kwetu, unasema uongo. Unamchukua mtu aliyenyimwa haki yake ya kujua, ukamvika upungufu ambao si wake. Na aliyemnyima unampitisha mlango wa uani, asionekane.

Haya sikuyapata kamusini. Niliyapata Moshi.

Mtu wa pwani akipanda kutoka mji wa Moshi kwenda Old Moshi huona mambo mawili yanambadilikia kwa pamoja: hewa na kivuli. Hewa inakuwa ya kukaza mabega, na migomba inafunga juu ya kahawa hata njia inakuwa kama ukumbi wa nyumba. Maji yanakwenda katika mifereji iliyochimbwa na mababu. Ukibahatika asubuhi kabla ya mawingu, unaiona Mawenzi, imekatika-katika kama msumeno uliopotea meno, na Kibo pembeni yake, mduara na mweupe. Nilikuwa nimefikia kwa mzee mmoja, mtu wa kanisa, mwenye kusoma sana. Mezani kwake palikuwa na kipande cha gazeti kilichoeleza habari za mafuvu yaliyoko Ujerumani, na mwandishi wake alikuwa ameandika kwamba koo za Wachagga ziliachwa gizani kwa zaidi ya miaka mia. Mzee alinisomea sentensi hiyo, akavua miwani.

"Mwanangu," akasema, "wewe ni mtu wa lugha. Hebu niambie, ni nani alikuwa gizani hapa?"

Sikuwa na jibu, na kwa hiyo akanipeleka kwenye ule mti.

Kisa chenyewe wengi wa wasomaji wetu wamekisikia kwa juu juu, nami sitakifupisha, kwa sababu hoja yangu yote imo ndani yake. Mangi Meli, mwana wa Rindi, alitawala Moshi tangu alipokufa baba yake mwaka 1891. Juni 1892 watu wake waliwashinda Wajerumani waliokuja kumwadhibu, na kiongozi wa kikosi hicho, von Bülow, akauawa. Mwaka 1893 Wajerumani walirudi na jeshi kubwa zaidi, wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 wakamtundika, yeye na wenzake, jumla yao watu 19, Wachagga, Wameru na Waarusha, kwa tuhuma ya kupanga uasi. Vichwa vikakatwa. Wakati huo wataalamu wa Berlin walikuwa wakikusanya mafuvu ya watu wa makoloni kwa ajili ya elimu ile ya kupima vichwa, na aliyekuwa mbele katika kazi hiyo ni Felix von Luschan wa jumba la makumbusho la mji huo. Mafuvu ya Afrika Mashariki yaliyokusanywa na kubaki Berlin ni zaidi ya 1,100.

Sasa nauliza alichoniuliza mzee. Watu wa Old Moshi hawakujua nini? Walijua siku. Walijua mti, wanauonyesha hata leo, na chini yake pana sanamu ya Mangi wao. Walijua kichwa kilikatwa na walijua kilipelekwa kwa Wajerumani, kwa kuwa wajane walikuwapo, na wajane walisimulia, na wajukuu walikaa wakasikiliza. Mjukuu wa Meli ameuliza kwa miongo kadhaa, kwa sauti, mbele ya kila mwenye kalamu: kichwa cha babu yangu kiko wapi? Mtu aliye gizani haulizi swali namna ile. Swali lake lina jina la mtu, jina la kiungo na jina la nchi. Lililokosekana ni namba ya rafu, na rafu ilikuwa na mwenyewe.

Na mwenyewe huyo hakuwa hajui anaulizwa nini. Katika mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kimo kifungu kinachoitaka Ujerumani irejeshe fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Basi tangu 1919 dunia nzima iliandikiwa, kwa wino wa mataifa, kwamba vichwa vya watawala wa nchi hii vilikuwa vimepelekwa huko. Lile la Mkwawa, au lililokubaliwa kuwa lake, lilirudi mwaka 1954. Yaliyobaki yalikaa makasha kwa makasha, mengine yakiwa yameandikwa kwa mkono yalikotoka. Mwaka 2011 taasisi ya urithi wa utamaduni ya Prussia iliyapokea kutoka hospitali ya Charité. Utafiti wa asili yake ulianza 2017. Na Septemba 2023 ikatangazwa kwamba kati ya mafuvu 8 yaliyochaguliwa ili vinasaba vyake vilinganishwe na vya jamaa walio hai, matatu yalipata wenyewe. Mojawapo lilikuwa na neno moja limeandikwa: Akida. Alikuwa mshauri mkubwa wa Mangi Meli.

Zingatia hapo, msomaji. Jina lilikuwa limeandikwa. Tangu lini jambo lililoandikwa kwa wino likawa giza?

Kwa Kiswahili, jambo ambalo mmoja analo na mwenziwe analitaka na hapewi, tunasema limefichwa. Kitenzi hiki ni kidogo lakini ni kikali. Ukisema "walifichwa", msikilizaji hawezi kutulia: atataka kujua walifichwa nini, na na nani. Ukisema "waliachwa gizani", hana la kuuliza. Giza ni la Mungu, linakuja magharibi na linaondoka alfajiri, hakuna wa kushitakiwa. Najua Mwingereza naye anaweza kumtaja aliyemweka mwenziwe gizani, na pengine humtaja. Kwetu sisi msemo umehamia bila ya mtendaji wake. Katika magazeti niliyoyasoma kwa jicho hili miezi kadhaa sasa, ni nadra mno kuona baada ya "gizani" neno "na" likifuatiwa na jina la mtu au la ofisi.

Kuna jambo la pili, nalo ni la kale zaidi. Giza hili tunalovikwa lina historia juu ya mlima huu huu.

Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai nyuma ya Mombasa, aliuona mlima akiwa njiani kwenda Uchaggani. Aliona weupe kileleni akadhani ni wingu. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Mswahili, Bwana Kheri. Rebmann alipomuuliza ule weupe ni nini, aliambiwa kwa neno moja tu: baridi. Wapo waliolicheka jibu hilo, ati mtu wa pwani hakujua theluji. Mimi naona ni jibu la mtu anayejua. Kitu ambacho kwao hakipo, na hajakishika, amekitaja kwa kile kinachokitenda, na amepatia. Wachagga wenyewe walikwenda mbali zaidi: Rebmann alihadithiwa kwamba mtawala mmoja wa Machame alituma watu wakailete ile nyeupe, akidhani ni fedha, na aliyerudi alirudi mikono na miguu imeharibika kwa baridi. Huo ni utafiti, tena uliolipiwa kwa viungo vya watu.

Habari ikafika London mwaka 1849, na London ikamkatalia. Aliyemkatalia kwa ukali kupita wote ni William Desborough Cooley, bingwa wa jiografia ya Afrika ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika hata siku moja. Alikuwa na vitabu vyake, na vitabu vyake havikuwa na theluji chini ya ikweta. Mwaka 1852 akatoa kitabu ambacho jina lake lilijigamba kuwa kimeifunua Afrika ya ndani, na ndani yake bado anabisha. Haikusaidia kwamba Krapf naye aliuona mlima mwaka 1849. Ilibidi aje Baron von der Decken mwaka 1861, kisha arudi na Otto Kersten mwaka 1862 wapande hata theluji iwaangukie, ndipo wengi wakanyamaza. Rebmann alibaki Rabai. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa amepofuka, na mwaka uliofuata akafariki. Mpofu huyo aliona miaka 27 kabla kile ambacho mwenye macho mawili London alikataa kukiona.

Basi baada ya yote hayo, mwaka 1878, Stanley akatoa kitabu cha safari yake akaliita bara letu zima bara la giza, na mwaka 1890 akatoa kingine akazidisha. Jina likashika. Watoto wa shule duniani wakafundishwa kwamba giza lilikuwa huku, kwa Bwana Kheri na kwa wale waliopoteza vidole vyao kileleni, na mwanga ulikuwa kule kwa Cooley. Ukilijua hilo, hutakuwa mwepesi wa kuandika kwamba Mchagga fulani "yuko gizani".

Atasimama mwenye hoja aniambie: Bwana, mbona Waswahili wenyewe wamesema usilolijua ni usiku wa giza? Msemo ni wetu, wageni wametukumbusha tu.

Hoja hii ni nzuri na nimeiogopa kuliko zote. Lakini hebu itazameni methali yenyewe. Kilichoitwa usiku wa giza pale ni *lile jambo*, wala si mtu. Methali haisemi kuwa asiyejua yumo gizani peke yake ilhali wenzake wamekaa penye taa. Inasema kila mmoja wetu ana lake asilolijua, na kwa hilo sote tu wasafiri wa usiku. Twende kwa hadhari, tushikane mikono. Ni methali ya unyenyekevu, aghalabu mtu huisema juu ya nafsi yake. Msemo uliofasiriwa ni wa juu kumwambia wa chini. Na tunapotaka kumkejeli mjinga hasa, lugha imetupa silaha nyingine: twasema hajui alifu kwa kijiti, twasema ni mbumbumbu mzungu wa reli. Na mtazame, tafadhali, ni nani aliyebebeshwa ujinga katika hiyo ya mwisho!

Tena sisi wa Unguja giza tunalijua kwa macho yetu. Mei 2008 umeme ulikatika kisiwa kizima, ukarudi Juni. Ukakatika tena Desemba 2009, na mara hiyo tukakaa hadi Machi 2010. Miezi mitatu! Tulikuwa gizani kwa maana isiyohitaji mfasiri. Na sijapata kuona watu wenye habari kama tulivyokuwa siku zile. Televisheni zilizima, baraza zikajaa. Hapakuwa na mkataba, posa, wala fitina ambayo haikupita Mikunguni ikafika Malindi kabla ya isha. Na Nabii Yunus, aliyekuwa katika giza la usiku na la bahari na la tumbo la samaki, ndipo hapo alipokuwa akijua vizuri zaidi kuliko siku zote nani Mola wake na lipi kosa lake.

Nimemtaja Yunus kwa sababu nyingine pia. Waliokaa chuoni watakumbuka kwamba katika aya inayosimulia wito wake, giza limetajwa kwa neno *dhulumati*, na mwisho wa aya hiyo hiyo anakiri kuwa alikuwa miongoni mwa *dhalimina*. Giza na madhalimu, neno na neno, kutoka mzizi mmoja wa Kiarabu: dha, lam, mim. Katika mzizi huo sisi tumechukua dhuluma, dhalimu na kudhulumu. Kwa hiyo ukitaka kufungamanisha kunyimwa habari na giza, Kiswahili kimekuwekea kifungo hicho karne nyingi kabla ya gazeti la kwanza. Lakini kifungo chetu kina mtendaji ndani yake. Aliyetiwa gizani *amedhulumiwa*, na aliyedhulumiwa ana dhalimu wake. Ndio uliokuwa mshituko wangu chini ya ule mti: kwamba tumeacha neno linalojua zaidi, tukaazima lisilojua.

Wachagga wana kisa cha milima yao miwili. Mawenzi hakutunza moto wake, akawa kila mara anakwenda kwa Kibo kuomba kaa, na Kibo akimpa, na chakula juu yake. Moto wa Mawenzi ukazimika tena, na tena; hata siku moja Kibo akachoka, akautwaa mchi akampiga nao, na ndiyo sababu kichwa cha Mawenzi kiko vile. Mzee wangu alinisimulia akicheka, akaongeza kuwa wapo wanaosema Mawenzi hakuzimikiwa kitu, alikuwa akiuzima moto mwenyewe kwa makusudi kwa kupenda ndizi za jirani. Sikumuuliza kama alikuwa na nia ya kutusema sisi waandishi. Nilidhani anayo.

Sasa nielekee kwa washairi, kwani nyinyi ndio wenye kurasa hizi. Simkatazi mtu kiza. Kiza ni mali ya mshairi: kiza cha mwezi mchanga, kiza cha nyumba ya mahaba, kiza cha kaburi. Nilichokikataa katika zile tungo tatu ni kiza cha ofisini, kinachoandikwa pale ambapo mtunzi alipaswa kutaja waziri, au kampuni, au baba aliyeuza shamba bila ya kuwaambia wanawe. Mmoja alikuwa ametunga juu ya Mangi Meli hasa. Beti zake zina nguvu, na mizani yake haina pengo. Lakini kila kibwagizo kinarudi kulekule, kwamba wana wa Moshi wamo gizani. Huyu kijana angekuwa Mzungu wa zamani ningemwelewa.

Niliwaandikia wote watatu. Wawili walibadilisha bila ya ugomvi. Wa Mangi Meli akanijibu kwa heshima zote kwamba hawezi, maana kina chake cha mwisho ni -ni, na "gizani" ndilo linalokaa vizuri. Akilitoa, beti kumi na mbili zitaanguka. Nikamjibu kuwa "nani" nalo lina kina cha -ni, na "Berlini" kadhalika. Hilo la Berlini limemchekesha, ameniambia. Shairi bado liko kwake.